Gari la Ng'ombe Likivunjika, Nani Alipe?



Kila mwaka mahindi yanapoanza kukauka mashambani, mafundi wa Kitale na Bungoma huwa na kazi nyingi. Wakulima wa Kiminini, Endebess na Kwanza, na wale wa Ndalu, Naitiri na Tongaren, huwaendea kuagiza magari ya ng'ombe. Gari la namna hii halitoki dukani. Halina kitabu cha maelezo wala karatasi ya dhamana. Latengenezwa kwa kipimo cha ng'ombe wako, kwa njia ya shamba lako, na kwa fedha ulizo nazo. Ekseli hutoka katika pikapu iliyokwisha kazi, beringi hutoka dukani, vyuma vya fremu hutoka kwa muuza vyuma, mbao hutoka kwa mpasuaji, na fundi huviunga vyote pamoja.

Sasa gari hilo likivunjika njiani katika mwezi wa pili, nalo limebeba magunia, nani alipe? Mkulima husema ni fundi. Fundi husema ni yule aliyemwuzia ekseli. Muuza vyuma husema yeye aliuza chuma tu, hakuuza gari. Na wapita njia husema mkulima alipakia kupita kiasi. Mara nyingi mambo haya huishia katika matusi, na watu wawili waliokuwa majirani wema hawasalimiani tena. Huku nyuma mahindi yamelala kando ya njia, na mvua haingoji watu wamalize maneno.

Maoni yetu ni haya: kila mtu ajibu kwa kile alichokichagua. Aliyechagua chuma ajibu kwa chuma. Aliyechagua mzigo ajibu kwa mzigo. Na kwa kuwa katika gari la kuagizwa mambo mengi huchaguliwa na fundi, mtu wa kwanza kujibu ni yeye. Tutaeleza kwa nini twasema hivyo, kisha tutaeleza na wajibu wako wewe mkulima, maana si mdogo.

SHERIA YASEMAJE

Watu wengi hufikiri kwamba bila karatasi ya dhamana hakuna dhamana. Si kweli. Kenya tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo chasema hivi kwa maneno mepesi: ukimweleza muuzaji kazi utakayoifanya kwa kitu hicho, na ikaonekana kwamba unategemea ujuzi wake, na kitu chenyewe ni cha aina ambayo yeye huuza katika biashara yake, basi lazima kitu hicho kiifae kazi hiyo. Hata kama hakuna aliyetaja neno dhamana, dhamana hiyo ipo.

Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au kuumia kwa sababu ya kasoro iliyomo.

Fundi aweza kusema, "Mimi si duka. Mimi ni mtu wa kazi ya mikono. Nilifanya kazi kwa uangalifu, na hiyo yatosha." Jambo hili liliwahi kufika mahakamani Uingereza mwaka 1943. Daktari wa meno alimtengenezea mke wa mtu meno ya bandia. Meno hayakufaa, mume akakataa kulipa, na daktari akamshitaki. Daktari alisema kwamba wajibu wake ulikuwa kutumia ujuzi na uangalifu, basi. Mahakama ya Rufani ilikataa. Majaji walisema haidhuru kama tutaiita kazi ile uuzaji wa bidhaa au kazi ya ufundi. Mtu aliyeagiza meno ya kutafunia ana haki ya kupewa meno yanayofaa kutafunia.

Hukumu za Uingereza haziyafungi mahakama zetu, lakini mahakimu wetu huzitazama, maana sheria hizi zina asili moja. Na akili yake ni nyepesi. Meno ya bandia hutengenezwa kwa kinywa kimoja tu, na gari lako limetengenezwa kwa shamba moja tu. Kitu cha kuagizwa hukijaribu kwanza dukani, wala huwezi kukilinganisha na vingine kumi vilivyopangwa rafuni. Huna cha kutegemea ila neno la fundi. Kwa hiyo neno hilo lazima liwe na uzito.

FUNDI NA CHUMA CHA MWINGINE

Sasa tuje kwenye maneno yanayoleta ugomvi zaidi. Fundi husema, "Sikuiyeyusha ekseli mimi. Nenda kwa aliyeniuzia."

Twaona maneno haya hayafai. Wewe hukupatana na muuza vyuma. Hukumwona, hukumlipa, na labda hata jina lake hulijui. Ulipatana na fundi, na fundi ndiye aliyekwenda kwenye lundo la vyuma akachagua ekseli hii akaiacha ile. Yeye ndiye mwenye jicho la kujua chuma kilichochoka. Akitaka kurudi kwa aliyemwuzia akadai, na adai. Hiyo ni haki yake. Lakini ni safari yake yeye, si yako.

Hili nalo lina hukumu yake. Mwaka 1968, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri la vigae vya kuezekea nyumba. Wenye kazi walikuwa wamemwambia mwezekaji atumie vigae vya aina moja tu, ambavyo vilitengenezwa na kiwanda kimoja tu. Vigae vile vilikuwa na kasoro ya ndani isiyoonekana kwa macho, na baadaye vikaharibika kwa hali ya hewa. Mwezekaji alisema hakuchagua vigae yeye. Majaji walitenganisha mambo mawili. Kama aina ile ya vigae haikufaa kwa paa lile, lawama ingekuwa ya aliyeichagua. Lakini kama vigae vyenyewe vilikuwa vibovu, mwezekaji aliyevileta ndiye ajibu, naye akadai kwa aliyemwuzia, na huyo akadai kwa mwenye kiwanda. Hivyo deni hurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka limfikie aliyekosea.

Tafadhali shika tofauti hii, maana ndiyo ufunguo wa jambo zima. Ukimwambia fundi, "Nataka gari la kubeba magunia kumi mpaka barabara ya lami," yeye ndiye aliyechagua namna ya kulijenga, naye ajibu kwa yote. Ukimwambia, "Weka ekseli ya pikapu ya aina fulani," umechagua aina. Ikiwa aina hiyo ni dhaifu kwa mzigo wako, hasara ni yako, lakini ikiwa ekseli aliyoileta ilikuwa na ufa, hasara ni yake. Na kama wewe mwenyewe ulileta ekseli uliyopewa na shemeji yako, basi fundi ajibu kwa maungo aliyoyachomelea tu. Ufa uliokuwa umejificha ndani ya chuma chako ni shauri lako.

Hata hivyo fundi aliyeona kwamba chuma ulicholeta hakifai, akanyamaza ili asikose kazi, hana udhuru mbele yetu. Ulimlipa mikono yake, na ulimlipa macho yake pia. Fundi mwema husema, "Bwana, chuma hiki kimechoka. Nikikitumia, sitakuwa na dhamana nacho." Akisema hivyo mbele ya shahidi, nawe ukashikilia, basi umechagua.

WAJIBU WA MKULIMA

Usidhani kwamba tunamtupia fundi mzigo wote. Mkulima naye ana mambo matatu ya kujibu.

Jambo la kwanza ni mzigo. Gunia la mahindi la kilo 90 ni mzigo wa kujulikana. Magunia kumi ni kilo 900, na magunia ishirini ni kilo 1,800. Mtu aliyeagiza gari la magunia kumi, kisha siku ya mavuno akaona lori linangoja barabarani akapakia ishirini, hakuvunjikiwa na gari, amelivunja. Wala haifai kujitetea kwa kusema ng'ombe walivuta bila shida. Ng'ombe wenye nguvu waweza kuvuta mzigo ambao ekseli haiwezi kuuchukua.

Jambo la pili ni matunzo. Beringi isiyotiwa grisi hupata moto na kusagika. Nati zilizolegea huyumbisha gurudumu, na gurudumu linaloyumba hupinda ekseli kidogo kidogo mpaka ichoke. Gari linaloachwa nje mvua yote huoza mbao na kupata kutu katika maungo. Dhamana haimfanyii mvivu kazi yake.

Jambo la tatu ni bei. Mkulima huenda kwa fundi wa kwanza, akaambiwa bei. Huenda kwa wa pili, akaambiwa bei ndogo zaidi. Humbana wa pili mpaka apunguze tena. Fundi ana watoto, hataki kukosa kazi. Hukubali, kisha hutafuta pa kupunguzia, na mahali pa kupunguzia ni katika chuma. Unataka bei ya chini kuliko zote, kisha wataka dhamana ndefu kuliko zote. Rahisi ni ghali, walisema wazee. Dhamana ya kweli ina gharama, kwa sababu fundi anayetoa dhamana lazima anunue chuma kizuri, na lazima aweke akiba ya kurekebisha kitakachovunjika. Fundi akikuambia, "Bila dhamana ni bei hii, na kwa dhamana ni bei ile," usimcheke. Huyo anasema kweli, na huenda ndiye fundi unayemtafuta.

Watu wengine watasema mafundi wa jua kali ni maskini, na kwamba tukiwadai dhamana tutawaua. Sisi twaona kinyume. Fundi mzuri asiyetoa dhamana hana namna ya kuonyesha kwamba ni mzuri. Husimama sawa na mharibifu, na mkulima huchagua kwa bei tu. Mahali ambapo dhamana huheshimiwa, mharibifu hukosa wateja na fundi mzuri hupata haki ya kudai bei inayomfaa. Dhamana yamlinda fundi hodari kama inavyomlinda mkulima.

TAZAMA PALIPOVUNJIKA

Mara nyingi chuma chenyewe husema kilivunjika kwa nini. Kwa hiyo gari likivunjika, usikimbilie kulichomelea kwa fundi wa karibu. Ukifanya hivyo umeufuta ushahidi, na fundi wako wa kwanza ana haki ya kusema, "Mwingine amekwisha kuigusa kazi yangu." Teremsha mzigo, okota vipande vyote, viweke pakavu, kisha mwite fundi aje aone mkiwa pamoja.

Tazameni uso wa chuma palipokatika. Ikiwa sehemu moja ni nyeusi au ina kutu, na sehemu nyingine yang'aa, kulikuwa na ufa wa siku nyingi uliokuwa ukiendelea polepole, na siku ile chuma kilimalizika. Ikiwa uso wote ni mpya, na chuma kimepinda kabla ya kukatika, fikirini mzigo mkubwa au shimo la njiani. Ikiwa pameachana kwenye ungo la kuchomelea, na chuma cha chini ni laini kana kwamba hakikushika moto, basi moto haukuingia ndani, na hiyo ni kazi ya mkono wa fundi. Alama hizi hazimalizi kila shauri, lakini zatosha kuwafanya watu wawili wenye nia njema waache kubishana wakaanza kuhesabu.

Na mpe fundi wako nafasi ya kwanza ya kurekebisha. Ni haki, na ni faida yako pia, maana yeye atatengeneza kwa gharama yake kile ambacho mwingine angekutoza.

ANDIKENI KABLA YA ARBUNI

Mapatano ya mdomo ni mapatano. Lakini mdomo husahau, hasa mahali penye hasara. Karatasi moja ya daftari yatosha. Andikeni kabla hujatoa arbuni, kila mmoja abaki na nakala, na awepo shahidi mmoja. Mambo ya kuandika ni haya:

1. Kazi ya gari: litabeba nini, magunia mangapi, kwa njia gani, likivutwa na ng'ombe wangapi.

2. Nani amechagua na nani ameleta kila kitu: ekseli, beringi, matairi, vyuma vya fremu, mbao, na mti wa kufungia nira.

3. Dhamana ni ya muda gani na ya kitu gani. Maoni yetu ni kwamba fremu, ekseli na maungo yote yadhaminiwe mavuno mamoja mazima, na matairi yawe na mapatano yake peke yake, maana tairi huweza kuchomwa na mwiba siku ya kwanza.

4. Kikivunjika, fundi atafanya nini: atarekebisha, au atabadili, au atarudisha fedha, na kwa siku ngapi.

5. Kama utaliuza gari kabla ya dhamana kwisha, je, dhamana yamfuata mnunuzi mpya? Bila maneno haya, mapatano ni kati yako na fundi tu, na aliyenunua kwako hana la kumdai fundi katika mapatano hayo.

6. Siku utakayoanza kubeba mavuno.

Huenda ukauliza, hilo la sita lina kazi gani? Lina kazi kubwa. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la wenye kinu cha kusaga nafaka katika mji wa Gloucester. Mhimili wa mashine yao ulivunjika, nao wakampa mchukuzi aupeleke Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Mchukuzi alichelewa, kinu kikasimama, na wenye kinu wakadai faida waliyoikosa siku zile. Majaji walisema mtu hulipa hasara inayotokea kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua zilipopatana; lakini mchukuzi hakuwa ameelezwa mambo yale ya pekee, kwa hiyo faida ile hawezi kudaiwa. Basi mweleze fundi mapema: mahindi yangu yatabebwa wiki fulani, na lori la mnunuzi litangoja siku fulani. Ukimficha, usimdai baadaye hasara ambayo hakuijua.

Tena, usilipe fedha za mwisho kabla ya kulijaribu gari na mzigo wake kamili. Lipakie, livute mpaka mahali penye mlima, lirudishe, kisha inama chini ulitazame. Sheria ile ile ya Sura ya 31 yasema kwamba mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamika kwamba si bora kwa sababu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ungalimwonyesha. Kwa hiyo kagua kweli kweli.

MKISHINDWA KUPATANA

Mkishindwa, anzeni kwa wazee au kwa chama cha mafundi cha mahali penu. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, yazitaka mahakama zisaidie njia za mapatano. Na vyama vya mafundi vinaweza kuandikishwa chini ya Sheria ya Biashara Ndogo na za Chini ya mwaka 2012. Twawashauri wenye vyama hivyo, Kitale na Bungoma pia, wachague mafundi wawili au watatu wanaoaminika wawe wa kutazama vyuma vilivyovunjika na kutoa maoni. Fundi hukubali neno la fundi mwenzake upesi kuliko neno la mtu mwingine.

Hayo yakishindikana, iko njia ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka shauri limalizike kwa siku 60. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Uliza katika ofisi ya mahakama ya Kitale au ya Bungoma namna ya kupeleka madai yako, na ubebe karatasi yako, stakabadhi za fedha, na vile vipande vilivyovunjika.

Lakini wewe na fundi mtahitajiana tena mwaka ujao. Wazee waliokuja katika mashamba haya tangu mpango wa makazi ulipoanza mwaka 1962 walijenga maisha yao kwa mikono ya mafundi wa karibu, na sisi pia hatuwezi bila wao. Fundi ajibu kwa chuma alichokichagua. Mkulima ajibu kwa mzigo aliouchagua. Mwezi huu, kabla hujafungua mkoba wako kutoa arbuni, chukua kalamu kwanza.